Wazazi mnaopeleka watoto shule ndogo za binafsi, nini hasa kiliwafanya mchague huko?

mama_kivule

Habari zenu wakuu, hasa wazazi wa humu ndani. Nina mtoto wa kiume yuko darasa la pili shule ya serikali hapa hapa Kivule, mimi na mume wangu tumekubaliana mwakani tumhamishe. Sio kwamba tunadharau Kayumba, yaani hizi shule za serikali, sisi wote wawili tumesoma huko na tumetoka vizuri tu, ila darasani kwake wamezidi mia na thelathini na wanaingia kwa shifti, wiki hii asubuhi wiki ijayo mchana, daftari la hesabu linakaa muda mrefu halijasahihishwa na wala simlaumu mwalimu maana huo mzigo hakuna binadamu angeuweza.

Sasa tumebakiwa na shule mbili za inglishi midiamu. Ya kwanza kubwa, ina jina, mabasi yake yanafika mpaka huku kwetu, ila mtoto anatakiwa awe barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ya pili ni ndogo, iko jirani tu hata kwa mguu anafika, mkondo mmoja kila darasa, sidhani kama watoto wanafika mia na hamsini shule nzima. Nilivyoenda kuulizia ada mwalimu mkuu ndio alinipokea mwenyewe, na wakati tunaongea nje ya ofisi kila mtoto anayepita anamwita kwa jina, mmoja akamuuliza bibi ameshatoka hospitali? Ile kitu ilinigusa sana aisee.

Ada zinakaribiana, ile kubwa imezidi kidogo na ukijumlisha basi ndio inazidi kabisa. Ila ndugu zangu wananiambia shule ndogo anaenda mtu ambaye hela haijatosha ya kubwa, na kwamba mtoto akifika sekondari atachekwa. Naombeni kusikia kwa mliopeleka watoto huko, mliangalia nini?

---

mzazi_goba

Dada yangu pole na hayo mawazo, yametupata wengi. Wanangu wawili wako shule ya namna hiyo hiyo unayoielezea, na hela ya kubwa tulikuwa nayo maana huko ndiko tulikoanzia.

Binti yangu mkubwa alianzia shule kubwa, sitaitaja, majengo mazuri, bwawa la kuogelea, kila kitu. Darasani walikuwa zaidi ya hamsini. Kila ripoti ikija imeandikwa aongeze bidii, hamalizi kazi, anapenda kuongea darasani. Nyumbani tukawa tunamgombeza, mama yake akamtafutia tuisheni jioni, mtoto anarudi saa kumi na mbili anakula ugali huku anasinzia halafu anakaa tena mezani. Hali haibadiliki. Tulipohamia Goba ile shule ikawa mbali tukampeleka hii ya jirani, darasani walikuwa ishirini na moja. Hata mwezi haujaisha mwalimu wa darasa akanipigia simu jioni, akaniambia baba, huyu mtoto akikaa dawati la nyuma anaruka mistari, akikaa mbele anaandika yote, na akisoma ubaoni anainamisha kichwa upande wa kulia, nimemjaribu sehemu tofauti nimeona ni hivyo hivyo, mpelekeni macho. Tukaenda hospitali ya CCBRT, kweli, jicho la kushoto lilikuwa halioni vizuri kabisa mbali. Akapewa miwani. Yule mtoto wa "aongeze bidii" alikuwa haoni ubao, muda wote huo!

Ndio maana watu wakiniuliza kwa nini nimechagua shule isiyo na jina nawaambia pale kuna mtu mzima anayemjua mwanangu. Anajua akiwa kimya ni kwamba anaumwa au amegombana na mwenzake, anajua chakula gani hali, anajua mdogo wake kazaliwa. Mwalimu mwenye watoto ishirini akimaliza kusahihisha madaftari bado ana nguvu ya kukaa na wawili watatu walioshindwa kugawanya, mwenye sitini akimaliza kusahihisha kengele ya kwenda nyumbani imeshagonga.

Jambo jingine ambalo watu hawalisemi ni ada. Shule nyingi kubwa ada ikichelewa mtoto anarudishwa getini, anashuka kwenye basi anaambiwa simama pembeni mbele ya wenzake wote. Mwaka mmoja kazi yangu ilisimama, nikaenda kwa mwalimu mkuu wetu nikamueleza ukweli, akachukua daftari tukagawanya awamu ya tatu vipande vipande nikawa nalipa kila mwezi, wanangu hawakujua chochote mpaka leo. Sisemi kila shule ndogo iko hivyo, ila panapokuwa na watu wachache mnaofahamiana mnaweza kuongea.

Kuhusu ufaulu, kabla hujatishwa na mabango ya barabarani uliza swali moja tu: watoto wangapi waliingia darasa la tano na wangapi wakafanya mtihani wa la saba? NECTA yenyewe, yaani baraza la mitihani, iliacha kutangaza kumi bora tangu mwanzoni mwa 2023, ila shule bado zinajipamba kwa wastani, na kuna zinazopata huo wastani kwa kuwakaririsha darasa watoto wa kati au kumwambia mzazi kwa upole tafuta shule nyingine. Serikali imekemea hiyo tabia mara nyingi na bado ipo. Shule ikikwambia wameingia arobaini wakamaliza ishirini na sita, wale kumi na nne ni watoto wa watu, wewe ungetaka wa kwako awe kundi gani?

---

chaki_nyeupe

Mimi ni mwalimu wa serikali, mkoa wa Geita, nafundisha darasa la pili. Nimeisoma hii nikaona nichangie maana nina uchungu nalo.

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja watoto 45 kwa msingi na 25 kwa awali. Mimi ninao 112. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walimiminika, na hilo ni jambo jema kabisa, kuna watoto pale kwangu ambao zamani wangekuwa wanachunga au wako kwenye mialo ya dhahabu na leo wanasoma. Lakini madarasa na walimu havikuongezeka kwa mwendo ule. Kipindi ni dakika thelathini. Nikisema kila mtoto asome sentensi moja kwa sauti nimsikilize, kipindi kimeisha sijafika nusu ya darasa. Kwa hiyo nawasomesha kwa pamoja, kwa kiitikio, na mtoto mjanja anaweza kuitikia na wenzake mwaka mzima bila kujua hata herufi moja na nisigundue mpaka siku nimemsimamisha peke yake. Hilo jambo linaniuma na linawauma walimu wengi, msione tuko kimya.

Kwa hiyo wazazi wanaohamisha siwalaumu. Huyo mwalimu wa macho aliyesemwa hapo juu hakuwa na akili kunizidi mimi, alikuwa na watoto ishirini na moja.

Ninachoomba ni kwamba mkiondoka msiisahau shule ya mtaani kwenu. Shule inakuwa na kamati, ina mikutano ya wazazi, na wazazi wenye sauti na uelewa wakishahama wote wanabaki wale ambao hata wakidai choo kijengwe hakuna wa kuwasikiliza. Mama Kivule hata mwanao akihama, watoto wa jirani yako bado wako pale, siku ya mkutano nenda.

Nyongeza, kwa wale wa Dar wanaotafuta Kiingereza kwa gharama ndogo, zipo shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza kama Olympio na Diamond kule Upanga. Ila kutoka Kivule mpaka Upanga na foleni ile sijui kama mtoto wa miaka minane atabaki na nguvu ya kusoma.

---

nyegezi_kona

Naomba niseme upande wa pili ili dada aamue akiwa ameona kote.

Sisi tuko Mwanza, tulipeleka watoto wetu shule ndogo kama hiyo, familia kama themanini hivi, tunajuana, sikukuu tunaalikana, kweli watoto walipendwa. Mmiliki alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa maana sana. Akafariki. Baada ya arobaini watoto wake wakaanza kugombana, mmoja anataka kuuza kiwanja mwingine anataka shule iendelee, walimu wakakaa miezi hawajalipwa, wakaondoka mmoja mmoja, mwanangu alikuwa la saba ikabidi tutafute pa kumhamishia mwaka wa mtihani. Uzuri wote wa ile shule ulikuwa umekaa kwa mtu mmoja na alipoondoka ukaondoka naye. Kwa hiyo uliza: shule inamilikiwa na nani? Kuna bodi? Kuna kampuni au taasisi iliyosajiliwa, au kila kitu kiko kwenye jina la mzee mmoja pamoja na kiwanja?

La pili, walimu. Vijana wengi wanaofundisha shule ndogo wanasubiri ajira za serikali, zikitangazwa wanaomba, wakipangiwa wanaondoka hata katikati ya muhula, na siwezi kuwalaumu maana mshahara wa binafsi mara nyingi ni mdogo na bima wala mafao hakuna uhakika. Kwenye shule kubwa akiondoka mwalimu wa hesabu kuna mwingine, kwenye ndogo mtoto anakaa bila mwalimu mpaka apatikane. Uliza walimu wangapi wamekaa pale zaidi ya miaka mitatu. Wakikutajia wanne watano moyo utulie.

La tatu ni mkondo mmoja. Mwanao akiwa na mwenzake anayemuonea, au hawaivi na mwalimu wa darasa, hakuna la pili B la kumpeleka, watakaa wote mpaka wamalize. Binti ya rafiki yangu alitengwa na wenzake wa kike, darasa zima wasichana walikuwa saba, sita wako upande mmoja. Unaweza kufikiria.

Na hakikisha shule imesajiliwa, usiangalie bango tu. Ina namba ya usajili inayoanza na EM, iandike nenda nayo ofisi ya udhibiti ubora wa shule ya wilaya waulize. Uliza pia kama ina kituo chake cha mtihani au watoto wanapelekwa kufanyia shule nyingine.

---

mama_kivule

Asanteni sana jamani, nimesoma yote na mume wangu nimemsomea. Hiyo ya macho nimeifikiria usiku kucha.

Kuna mambo mawili bado yananisumbua. Moja, pale hakuna uwanja. Kuna kieneo kidogo cha kuchezea na mwembe mmoja, watoto wakicheza mpira unaenda kwa jirani. La pili wameniambia kwa sababu anatoka Kiswahili itabidi aingie la pili tena badala ya la tatu. Ile kubwa nao wamesema hivyo hivyo, tena wao walitaka kumrudisha la kwanza kabisa. Mtoto ana akili, kusoma Kiswahili anasoma vizuri sana, naona kama anaonewa.

Shangazi yake yeye anasema apelekwe bweni huko Moshi atulie.

---

binti_kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo yanafanana japo sisi twasema skuli na karo. Nitakueleza yangu pengine yatakufaa.

Wanangu watatu wako kwenye skuli ndogo ya kuchanganya, yaani masomo ya serikali na madrasa chini ya paa moja. Zamani mtoto atoka skuli saa tisa, ala mbiombio, aenda chuoni kwa maalimu mpaka magharibi, akirudi ana homework, Jumamosi na Jumapili ni chuoni tena. Mtoto hana saa ya kucheza. Hizi skuli za kuchanganya zilipoenea hapa pwani wazee wengi tulishukuru maana Qur'ani yasomwa asubuhi kisha yaingia hesabu na sayansi, saa tisa mtoto yuko nyumbani na siku imekwisha. Pia ustadhi na mwalimu wa hesabu wakaa afisi moja, mtoto akikosa adabu kwa huyu yule ashajua, na mama pia ashajua kabla jua kutua. Mimi hicho ndicho nilichokitaka, watu wazima wote wanaomlea mwanangu wawe wajuana.

Ila taabu yake pia ipo. Mfumo ulipobadilika hapa Kenya, KCPE, ule mtihani wa kumaliza msingi, ya mwisho ikafanywa 2023 na watoto wakaanza kubaki papo hapo skuli ya msingi kwa Grade 7 mpaka 9, skuli yetu ilihangaika kweli kupata chumba cha maabara na walimu wa kutosha wa masomo yote. Wazazi tulikutana kila mara, huyu akaleta fundi, yule ana duka la vifaa akatupunguzia bei, tukapata. Skuli kubwa mngeandikiwa barua tu kuwa karo imepanda. Sisi tulichoka lakini leo kila mzazi ukimuuliza aijua ile maabara ilijengwa vipi.

Kuhusu shangazi na bweni, mtoto wa miaka minane mamangu, muache akae nawe.

---

mzazi_goba

Bweni kwa umri huo halipo hata kisheria, serikali ilipiga marufuku mwaka 2023 kwa awali mpaka darasa la nne, mpe shangazi salamu zake.

Ya kurudia darasa usiichukulie kama anaonewa moja kwa moja. Shida inakuwa kwamba la tatu la inglishi midiamu hesabu, sayansi na kila kitu kiko kwa Kiingereza, mtoto anaweza kujua jibu kabisa na asielewe swali, akianza kupata sifuri anapoteza imani na yeye mwenyewe. Huyu wangu wa pili tulimhamisha akitokea Kiswahili na alirudia. Mara ya kwanza alilia, akazoea, na kufikia muhula wa pili alikuwa anaongoza hesabu maana zile hesabu alikuwa anazijua tayari, alikuwa anasubiri lugha imfikie. Lakini unaweza kuongea nao, na hapa ndipo utajua kama shule ndogo ni ndogo kweli au ni kubwa iliyokosa wanafunzi: waombe wampime, waambie tunamfundisha likizo yote ya Desemba, Januari mkimpima akiweza aende la tatu. Wakikataa hata kukusikiliza, wakakwambia utaratibu ni huo tu, basi hata hilo jibu limekusaidia. Wa kwetu walikubali kumpima, hakufikia, na walikaa na sisi wakatuonyesha karatasi yake swali kwa swali.

Kingine, mtaala mpya ulioanza 2024 Kiingereza kinaanza darasa la kwanza hata shule za serikali, na msingi unakuwa miaka sita, kwa hiyo mwanao hatafika la saba. Waulize wamejipanga vipi kwa hilo, vitabu vya mtaala mpya wanavyo vya kutosha au watoto wanne kitabu kimoja.

Uwanja ni tatizo la kweli, sikudanganyi. Wetu Ijumaa wanapelekwa uwanja wa mtaa wa jirani na walimu wawili, na Jumamosi nawapeleka mwenyewe. Waulize pale kwenu wanafanyaje, kama jibu ni hawachezi basi fikiria mara mbili, mtoto wa kiume wa miaka minane kukaa mwaka mzima chini ya mwembe sio jambo dogo.

---

ex_ticha

Nimefundisha shule ndogo Tabata kabla sijahamia biashara. Nakuongezea moja tu dada. Usiende siku waliyokualika. Nenda saa nne wakati wa uji, kaa uangalie. Angalia walimu wanakaa wapi, kama wako na watoto au wamejifungia ofisini. Angalia mtoto aliyekaa peke yake, kuna mtu anamfuata? Pale kwetu tulikuwa na mama mpishi aliyekuwa anajua nani hajanywa uji wake, anakuja kutuambia fulani leo hajagusa kikombe, na mara nyingi kumbe nyumbani kuna msiba au wazazi wamegombana. Omba pia madaftari ya mtoto yeyote wa darasa hilo, sio lile la mtoto wa kwanza watakalokuletea. Kama mwalimu ameandika vema tu kila ukurasa hajasoma. Kama ameandika rudia namba 4, angalia ulivyoazima, huyo ameketi na daftari la mtoto.

---

mama_kivule

Nimeenda leo saa nne kama ulivyosema, sikuaga. Mwalimu wa la pili alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati yao naye ana kikombe chake cha uji. Madaftari nimeyaona matatu, mawili yamesahihishwa vizuri sana na moja la Kiingereza lilikuwa nyuma, mwalimu akaniambia wazi mwenzake wa Kiingereza aliondoka mwezi uliopita amepata ajira ya serikali, na bado hawajampata mwingine wa kudumu. Kwa hiyo ya nyegezi_kona nimeikuta mapema. Usajili wanao, namba nimeandika, kesho mume wangu anaenda ofisi ya wilaya kuhakiki. Kumpima Januari wamekubali.

Tumeamua ikiwa usajili uko sawa na mwalimu wa Kiingereza atakuwa amepatikana kabla hawajafunga tunampeleka pale. Je uhamisho kutoka serikali kwenda binafsi naanzia wapi?

---

chaki_nyeupe

Anzia kwa mwalimu mkuu wa shule aliko sasa, mwambie unahamisha na unaenda wapi. Mwanao ana namba ya PREM, ni ule mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa NECTA, na uhamisho unatakiwa ufanyike humo ndani, shule ya zamani inamtoa na mpya inampokea. Wazazi wengi wanabeba mtoto na barua tu wanaona imetosha, akifika darasa la nne kwenye upimaji wa taifa jina lake linaonekana bado liko kule alikotoka, hapo ndio mbio zinaanza. Chukua na nakala ya cheti cha kuzaliwa, hakikisha majina matatu yameandikwa sawasawa na yalivyo kwenye mfumo, herufi kwa herufi. Fanya hivyo kabla shule hazijafungwa Desemba, walimu wakuu wengi likizo wanasafiri mikoani na wewe Januari utakuwa unamtafuta kwa simu.